Bamako, Niamey au Saint-Louis: mji upi wa mto wa kutembelea wakati wa kiangazi

Msafiri kutoka Afrika Mashariki anayepanga kwenda Afrika Magharibi kati ya Novemba na Mei kwa kawaida huuliza kwanza aende mji gani, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni aende mwezi gani. Katika ukanda wa Saheli mvua hunyesha kuanzia Juni hadi Septemba, mara nyingine ikigusa Oktoba, na miezi yote inayobaki huitwa kiangazi. Lakini ndani ya kiangazi hicho mna majira mawili yasiyofanana: majira ya vumbi na usiku wa baridi, kuanzia Desemba hadi katikati ya Februari, na majira ya joto kali, kuanzia Machi hadi mvua za kwanza zinapofika. Mtu aliyefika Niamey mwezi Januari na mwenzake aliyefika Aprili watasimulia kana kwamba walikwenda miji miwili, na wote watakuwa wakweli.

Ninalinganisha hapa miji mitatu iliyojengwa kando ya mito mikubwa. Bamako, mji mkuu wa Mali, na Niamey, mji mkuu wa Niger, yote miwili iko kwenye Mto Niger. Saint-Louis, mji mkongwe wa kaskazini mwa Senegal, uko mahali ambapo Mto Senegal unakaribia kuingia Bahari ya Atlantiki. Katika miji hii mitatu sarafu ni faranga moja ya CFA, Waislamu ndio wengi, na Kifaransa humsaidia mgeni kila mahali. Yote hufikiwa kwa ndege kutoka Nairobi au Dar es Salaam kwa kupitia Addis Ababa, ingawa anayekwenda Saint-Louis hushukia Dakar na kumalizia safari kwa barabara, mwendo wa takriban kilomita 270. Kufanana kwao kunaishia hapo.

Usalama, kabla ya jambo jingine lolote

Mali imekuwa vitani dhidi ya makundi yenye silaha tangu mwaka 2012. Mwezi Septemba 2025 kundi la JNIM, lenye uhusiano na al-Qaida, lilitangaza kuzuia mafuta yasiingie nchini. Malori ya mafuta yakachomwa moto barabarani, foleni ndefu zikajipanga kwenye vituo vya mafuta mjini Bamako, na mwishoni mwa Oktoba serikali ikafunga shule na vyuo nchi nzima kwa wiki mbili. Serikali kadhaa za kigeni ziliwataka raia wao waondoke. Niger nayo iko chini ya utawala wa kijeshi tangu mapinduzi ya Julai 26, 2023, na Oktoba 2025 raia mmoja wa Marekani alitekwa nyara ndani ya Niamey kwenyewe, tukio lililovunja ile imani ya zamani kwamba hatari iko mipakani na mji mkuu una usalama wake. Kaskazini mwa Senegal hakuna vita, na barabara ya Dakar hadi Saint-Louis hupitwa kila siku na familia, wanafunzi na wafanyabiashara.

Kwa sababu hiyo, kwa mtu anayesafiri kwa matembezi tu, jibu langu kwa sasa ni Saint-Louis, na sioni haja ya kulificha hadi mwisho. Hata hivyo, wapo wanaokwenda Bamako au Niamey kwa kazi, kwa mikutano, kwa biashara au kwa sababu wana ndugu huko, na hao wanahitaji kujua wachague mwezi gani na watarajie nini. Tena anayechagua Saint-Louis anastahili kuelewa anachokikosa, kwa maana anakosa mambo makubwa, na la kwanza kati ya hayo ni mto wenyewe.

Joto la Saheli si joto letu la pwani

Sisi wa pwani tunadhani tunalijua joto. Mwezi Februari jijini Dar es Salaam au Mombasa kipimajoto husoma nyuzi 32 au 33, na unyevu wa hewa humfanya mtu alowe jasho akiwa ameketi kivulini. Joto la Niamey halilowanishi. Hewa ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla ya mtu kulihisi, naye hupoteza maji mengi bila kujua, hadi kichwa kinapoanza kuuma na mkojo kuwa mchache na mzito. Anapofika hapo amechelewa tayari. Aliyewahi kukaa Garissa, mji mwingine wa mto katika nchi kavu, ana picha iliyo karibu zaidi, ila inambidi aongeze nyuzi kadhaa.

Januari mambo ni tofauti kabisa. Upepo wa harmatani huvuma kutoka kaskazini-mashariki katika miezi ileile na kutoka upande uleule wa kaskazi yetu, lakini kaskazi imepita juu ya Bahari ya Hindi na harmatani imepita juu ya Sahara, kwa hiyo moja huleta majahazi na nyingine huleta vumbi. Midomo hupasuka, pua hukauka, macho huwasha, na siku nyingine jua huonekana jeupe kama sahani nyuma ya ukungu wa mchanga. Pamoja na hayo, alfajiri ya Niamey au Bamako mwezi huo huteremka hadi nyuzi 16 au 17, na mchana hauzidi sana 33, ambayo ni nafuu kwa mtu yeyote anayeweza kupumzika saa za adhuhuri. Mafuta ya kujipaka, sweta moja na kitambaa cha kufunika pua na mdomo ni vitu ambavyo wageni wengi huvisahau kwa sababu wameambiwa wanakwenda nchi ya joto.

Machi inapofika, ubaridi huo huondoka kwa haraka. Wastani wa joto la mchana mwezi Aprili ni takriban nyuzi 41 mjini Niamey, na Bamako hupungua kidogo tu, ikikaa kati ya 39 na 40. Lakini namba za mchana hazielezi ugumu wote, maana kinachowachosha watu ni usiku. Nyumba za saruji zenye mapaa ya bati hunywa jua kutwa na kulitoa usiku kucha, joto la nje mara nyingi halishuki chini ya nyuzi 25, na umeme ukikatika feni husimama. Mwanzoni mwa Aprili 2024, mfungo wa Ramadhani ukielekea mwisho na umeme ukikatika kwa saa nyingi kila siku, joto la Kayes, magharibi mwa Mali, lilifika nyuzi 48.5, na hospitali ya Gabriel Touré ya Bamako ikatangaza vifo 102 katika siku nne za kwanza za mwezi huo, wengi wao wakiwa wazee. Watafiti wa hali ya hewa waliochunguza tukio hilo walisema joto la kiwango kile lisingetokea bila mabadiliko ya tabianchi yaliyosababishwa na binadamu. Ninaitaja habari hii kwa uzito wake: mtu mwenye shinikizo la damu, mjamzito, au anayesafiri na mzazi mzee asiende Bamako wala Niamey kati ya Machi na Mei ikiwa safari inaweza kusogezwa.

Kayes uko kwenye Mto Senegal, mto uleule unaopita Saint-Louis. Ukiufuata kuelekea baharini, joto hupungua hatua kwa hatua, kwa kuwa pwani ya Senegal hupitiwa na mkondo baridi wa Kanari na upepo wa bahari huingia mjini kila siku. Saint-Louis hukaa karibu na nyuzi 30 mchana kwa sehemu kubwa ya kiangazi, hata Aprili, isipokuwa siku chache upepo unapogeuka na kutoka mashariki. Siku hizo joto hupanda ghafla na watu hujifungia ndani. Kwa anayetaka kuwa kwenye ukingo wa Saheli bila kuunguzwa nayo, hakuna kati ya miji hii mitatu unaoukaribia.

Maji yako wapi mwezi huo?

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa na utamu, na ndipo wageni wengi wanapokosea, kwa kudhani kwamba kiangazi ni wakati wa mto mdogo kila mahali.

Mto Niger huanzia milima ya Guinea, si zaidi ya kilomita 250 kutoka Atlantiki, lakini badala ya kushuka baharini hugeukia kaskazini-mashariki, huelekea jangwani, kisha hupinda karibu na Timbuktu na kurudi kusini hadi Nigeria. Mvua za Guinea hufika Bamako mapema, kwa hiyo hapo mto hujaa Septemba. Baada ya hapo maji huingia katika delta ya ndani ya Mali, bonde pana la vinamasi na maziwa, na humo hutambaa kwa miezi, karibu nusu yake ikipotea kwa mvuke, hadi Mopti inajaa Oktoba na Novemba, Timbuktu Desemba, na Niamey kati ya mwisho wa Desemba na Februari. Mvua ikiwa imesahaulika kwa miezi mitatu, na vumbi la harmatani likiwa angani, Niamey huwa na mto mpana uliojaa hadi kingoni. Watu wa huko hupata mafuriko mawili kwa mwaka: ya Agosti na Septemba, yanayoletwa na vijito vya karibu na yenye maji mekundu kwa sababu ya udongo, na haya ya Januari, yenye maji meusi yaliyotoka mbali.

Ndiyo maana nasema kwamba, kama usalama ungeruhusu, Niamey ya Januari ingekuwa chaguo langu la kwanza kati ya miji yote ya mto ya Afrika Magharibi. Ubaridi na maji mengi hukutana katika mwezi mmoja. Mitumbwi hupita chini ya Daraja la Kennedy, bustani za saladi na vitunguu huwa kijani kibichi kando ya maji, na kutoka ukingo wa juu wa mji mtu huona jua likizama juu ya mto na juu ya nchi kavu iliyo ng'ambo kwa wakati mmoja. Ukifika Mei, mto huo huwa umebaki mifereji kati ya visiwa vya mchanga, na katika ukame wa mwaka 1985 ulikaribia kukauka kabisa.

Bamako huenda kinyume. Kuanzia Januari mto hupungua wiki hadi wiki, miamba huchomoza, na upande wa Sotuba barabara ya mawe iliyojengwa chini ya maji huibuka na kupitika kwa magari, kisha mvua zikirudi humezwa tena. Bwawa la Sélingué, lililojengwa kwenye kijito cha Sankarani, huachia maji ya kutosha ili mto usikatike. Mto mdogo una uzuri wake, maana ndio wakati ambao ukingo hugeuka kuwa mahali pa kazi, pa wafuaji nguo, wakulima wa mboga na wachota mchanga kwa mitumbwi, lakini anayetarajia ule upana mkubwa wa Joliba, kama Wabambara wanavyouita, atauona zaidi Oktoba au Novemba kuliko Machi.

Na Saint-Louis? Ukweli ni kwamba, wakati wa kiangazi, maji yanayouzunguka mji huo ni ya bahari zaidi kuliko ya mto. Bwawa la Diama, lililokamilika mwaka 1986 si mbali juu ya mji, huzuia maji ya chumvi yasipande bara, kwa hiyo upande wa juu kuna maji baridi mwaka mzima na upande wa mji kuna maji ya chumvi yanayopanda na kushuka. Hali hiyo ilizidi baada ya Oktoba 2003, mamlaka zilipochimba mfereji wa mita chache katika ukanda wa mchanga unaoitwa Langue de Barbarie ili kuuokoa mji na mafuriko. Bahari ikaupanua mfereji hadi ukawa mlango mpya wa mto, wenye upana wa kilomita kadhaa, ukaharibu vijiji na kuwaua wavuvi wengi katika mawimbi yake. Anayetaka kuuona Mto Senegal kama mto inambidi apande hadi mji wa Podor, ama kwa gari, ama kwa meli ya zamani ya Bou el Mogdad, ambayo katika msimu wa kiangazi hubeba wasafiri kati ya Saint-Louis na Podor kwa siku kadhaa. Podor ni joto la Saheli lenyewe, na Aprili hulingana na Niamey, kwa hiyo nenda Januari.

Cha kuona na cha kula

Saint-Louis ulianzishwa na Wafaransa mwaka 1659 juu ya kisiwa chembamba, ukawa makao makuu ya Afrika Magharibi ya Kifaransa kuanzia 1895 hadi 1902, na uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, mwaka uleule wa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Msomaji anayeijua Zanzibar au Lamu ataitambua haraka hali ya mji ambao biashara kubwa imeuacha na nyumba zake nzuri zikabaki, nyingine zikitunzwa na nyingine zikianguka polepole. Daraja la Faidherbe la mwaka 1897 huunganisha kisiwa na bara, na upande wa pili, kwenye mchanga kati ya mto na bahari, kuna Guet Ndar, mtaa wa wavuvi uliosongamana, wenye mitumbwi mirefu iliyopakwa rangi. Hapo ni makazi ya watu wanaofanya kazi ngumu na wanaopoteza nyumba zao kwa bahari. Aende mgeni kwa adabu, aombe ruhusa kabla ya kupiga picha.

Hifadhi ya ndege ya Djoudj, kama kilomita 60 kaskazini, ndiyo sababu kubwa ya kuchagua kiangazi. Ndege wanaohama kutoka Ulaya, wakishavuka Sahara, hukuta hapo maji ya kwanza, na kuanzia Novemba hadi Aprili hifadhi hujaa mwari, flamingo, bata na korongo wa namna nyingi. Hakuna kitu cha kiasi hicho karibu na Bamako wala Niamey.

Niamey ina kitu ambacho Saint-Louis haina, nacho kinawahusu watu wanaodhani kwamba wamewaona twiga wote: kusini-mashariki ya mji, eneo la Kouré, wanaishi twiga wa Afrika Magharibi, wenye madoa ya rangi hafifu, katikati ya mashamba ya watu na bila uzio. Mwaka 1996 walibaki 49 tu, na kwa sababu wakulima na serikali waliamua kuwalinda, leo wamepita 600. Wakati wa kiangazi husogea mbali kidogo kutafuta malisho, kwa hiyo kiongozi wa kijijini ni wa lazima. Mjini penyewe kuna Makumbusho ya Taifa ya Boubou Hama, yaliyofunguliwa 1959, ambamo umehifadhiwa mti wa Ténéré, ule uliosimama peke yake jangwani hadi lori lilipougonga na kuuangusha mwaka 1973. Bamako huzishinda zote mbili kwa makumbusho na kwa muziki; mkusanyiko wake wa nguo za kufumwa na kutiwa rangi ya udongo unatosha kumshika mtu asubuhi nzima.

Katika chakula sitatumia maneno mengi. Samaki anayeitwa capitaine kwenye Mto Niger ni sangara yuleyule wa Ziwa Victoria, ila kule ni mwenyeji na kwetu aliletwa. Wa kuchoma, akiliwa ukingoni jioni, ni mzuri Bamako na Niamey sawasawa. Saint-Louis ndiko nyumbani kwa ceebu jën, wali wa chenga uliopikwa katika mchuzi wa samaki na mboga, ambao UNESCO iliutambua mwaka 2021, na ukipikwa kwa chewa mnene wa Atlantiki unashindana na chochote tunachojivunia pwani. Bamako ya Aprili na Mei ina faraja moja, embe.

Kabla ya kufunga mzigo

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mkononi. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ni muhimu kwa anayekwenda Niamey au Bamako, kwa kuwa miji hiyo iko ndani ya ukanda wa Afrika ambamo ugonjwa huo hulipuka hasa wakati wa kiangazi, vumbi na ukavu vikidhoofisha koo na pua. Malaria hupungua katika miezi hii bila kuisha, kwa hiyo chandarua kisiachwe. Kuhusu kuoga mtoni, jibu ni hapana: baada ya Diama kuzuia chumvi, konokono wa kichocho waliongezeka katika maji baridi ya juu, na maeneo ya Richard Toll, mji ulio juu ya bwawa hilo, yalipata mlipuko mkubwa ambao madhara yake hayajaisha. Konokono hao hawaonekani na maji yanaonekana safi.

Kwa miaka hii Ramadhani huanza mwishoni mwa Januari au ndani ya Februari. Migahawa mingi hufungwa mchana, kazi hupungua, lakini jioni mitaa huchangamka kuliko mwezi wowote. Mwislamu anayefunga afikirie kwamba siku kavu ya Niamey ni nzito kuliko ya Zanzibar, na achague siku zinazotangulia mfungo kwa safari za nje ya mji.

Kwa mtu mwenye siku kumi na moyo wa kuuona mto, ningempangia hivi: afike Dakar katikati ya Desemba au mwanzoni mwa Januari, alale Saint-Louis usiku nne, akitoka alfajiri moja kwenda Djoudj akiwa amevaa sweta kwa sababu mashua ya asubuhi ni baridi, kisha apande hadi Podor kwa usiku mbili. Huko, kwenye gati la zamani mbele ya maghala ya wafanyabiashara, Mauritania iko ng'ambo ya maji, na jioni wachungaji huteremsha ng'ombe kunywa pande zote mbili za mto.